Nilitengeneza mfumo wa kuwatumia SMS wanaopiga simu, namba moja ya Butiama ikanifikisha nisikotegemea

Wakuu, salamu kutoka Musoma. Waliopo kazini na waliopo kitandani wote nawasalimu.

Najua humu mtu akianza kusimulia cha kwanza mnauliza kama ni chai, yaani stori ya kutunga. Hii siyo chai. Nimekaa nayo muda mrefu, nikaenda kuomba ruhusa kwa wahusika, wakakubali niandike mradi nibadilishe majina. Kwa hiyo majina siyo yao, ila kilichotokea ndicho hiki.

Mimi nina kijiofisi maeneo ya Mukendo. Natengeneza kompyuta, napiga window, na-print kazi za wanafunzi, na pembeni nafanya coding. Sikuisomea darasani, nilijifunza mwenyewe mtandaoni. Wale wa PHP mnaochekwaga humu, niko nanyi.

Sasa kuna mama mmoja Bunda, tumuite Mama Rhoda. Ana duka la dawa za mifugo na pembejeo. Wateja wake ni wafugaji na wakulima wa pamba, wengi wanatoka Mugeta na vijiji vya huko ndani.

Shida yake ilikuwa simu. Kutwa nzima anapigiwa. Chanjo ya ndigana imefika? Dawa ya kuogeshea ipo? Mbegu za pamba zimekuja? Maswali ni yale yale, anajibu mpaka sauti inakauka, na mteja aliyesimama mbele yake na hela mkononi anachoka anaondoka.

Nikamwambia mama, hili linaisha. Nikamtengenezea web app. Mtu anapiga namba, mfumo unapokea, unakata, halafu SMS inamfikia ikiwa na habari zote za siku hiyo. Yeye kazi yake ni kuandika habari mara moja tu asubuhi kupitia simu yake, basi.

Tukaanza. Wiki ya kwanza tu malalamiko. Wazee wakasema Mama Rhoda siku hizi ana dharau, ukimpigia anakukatia. SMS wanaipata lakini wameshanuna.

Nikaona hapa inatakiwa sauti, mtu akipiga asikie binadamu kwanza. Ya kwangu nikiirekodi inakuwaga kama ya mtu mwenye mafua. Nikamfuata jirani yangu.

Mlango wa pili kutoka ofisini kwangu kuna saluni ya kiume. Kinyozi tumuite Jofrey. Mtu wa makamo, mpole, ana sauti nzito nzuri, ile ambayo akiongea kwenye simu hata mtu asiyemjua anatulia. Alikuwa hana muda mrefu Musoma, alitokea upande wa Geita. Kwao alisema Ukerewe, wazazi walishafariki, hana ndugu. Sikuwahi kuhoji. Tulikuwa tunakula pamoja mchana kwa mama lishe, tunabishana mpira, maisha yanaenda.

Nilipomwomba arekodi alikataa kabisa. Nikashangaa, maana siyo mtu wa kukataa kitu. Nikambembeleza. Akaniuliza hiyo namba wanapiga watu wa wapi. Nikamwambia wa Bunda tu. Akauliza tena, Bunda tu? Nikamwambia ndiyo, duka liko Bunda.

Akakubali. Tukarekodi mle mle saluni kwa simu yangu, feni tumezima. Maneno yenyewe mafupi: "Asante kwa kupiga. Turia kidogo, ujumbe unakuja."

Ndiyo, alisema "turia", siyo "tulia", japo kwao alisema Ukerewe. Sisi wa Mara mnatujua na R zetu. Nikasema nitaiacha hivyo hivyo, wafugaji watajisikia nyumbani.

Na kweli, malalamiko yakaisha. Mama Rhoda akafurahi mpaka akaweka wakala Butiama, akabandika matangazo sokoni kule yenye ile namba. Mimi sikufikiria chochote. Wateja wameongezeka, mfumo unakimbia, nini tena?

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Mama Rhoda akanipigia analalamika salio la SMS linaisha haraka kuliko kawaida. Nikaingia kwenye log, ile orodha ya simu zote zilizoingia. Nikakuta namba moja inapiga, inapiga, inapiga. Asubuhi ipo. Mchana ipo. Jioni ipo. Kila ikipiga inasikiliza sauti mpaka mwisho, SMS inatumwa, halafu baada ya muda inapiga tena.

Wazo la kwanza likawa kwamba kuna mtu anatuchezea, labda mwenye duka mwingine. Nika-block.

Kesho yake ikaanza namba nyingine, tabia ile ile. Nika-block na hiyo. Ikaja ya tatu.

Nikasema sasa huyu nampigia mwenyewe, anieleze shida yake.

Akapokea mwanamke. Nikajitambulisha kwa adabu kwamba mimi ndiye mwenye ule mfumo wa duka la dawa, nikamwambia naona mnapiga sana, kama kuna mifugo inaumwa semeni tuwasaidie.

 Akasema, "Kumbe kuna watu huko. Sisi tulijua ni mashine."

Akajitambulisha anaitwa Nyangeta, yuko kijijini Butiama, anaishi na mama yake. Anayepiga ni mama. Zile namba nyingine ni za majirani, mama alikwenda kuziazima baada ya simu yake kuacha kupokelewa.

Nikamuuliza kwa hiyo mama anahitaji dawa gani.

"Kaka yangu, mama hajui hata kusoma," akasema. "Hizo SMS zenu hazimsaidii kitu. Anapiga amsikie mtoto wake."

Wakuu, mimi bado sijaelewa. Akili yangu iko kwenye mfumo. Nikamwambia kama mtoto wake amepotea anipe jina tunaweza kusaidia kutafuta.

Akanijibu taratibu tu kwamba hajapotea, alikufa.

Akanieleza. Alikuwa na kaka wawili. Mkubwa Wambura, mdogo Magesa. Miaka mingi iliyopita walienda machimbo ya dhahabu, yale ya wachimbaji wadogo. Siku moja duara, lile shimo la kuchimbia, likatitia na watu ndani. Wambura na Magesa walikuwa zamu hiyo. Wengine walitolewa, wengine udongo ulikuwa mwingi mno, ikashindikana. Kaka zake wote wawili walikuwa katika wale walioshindikana. Ukoo ukakaa, matanga yakafanyika, wakachimba makaburi mawili nyumbani, na kwa kuwa miili haipo wakazika migomba.

Sasa juzi ndama wao alikuwa anaumwa, jirani akampigia mama ile namba ya kwenye tangazo, akamwekea simu sikioni. Mama akasikia ile sauti. Akaiachia simu ikaanguka.

Tangu siku hiyo hataki kitu kingine. Wanakwaya wenzake wamekuja kumwombea, wanahisi huzuni imemrudia vibaya. Nyangeta mwenyewe ameisikia. Akaniambia na yeye anaona inafanana na ya Wambura, hata hiyo "turia" ni yake, lakini anaogopa kukubali, kwa sababu akikubali atakuwa mgonjwa kama mama.

Akamalizia kwa kuniomba kitu kimoja: nimwambie huyo mtu wa kwenye sauti ni nani, au niitoe, maana mama halali.

Wakati anaongea mimi nimesimama mlangoni pa ofisi. Kutoka pale nikawa namwona Jofrey dirishani kwake, ananyoa mzee mmoja, wanacheka.

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. 

Sikumwambia Nyangeta kitu. Nilimwambia nitaulizia halafu nitampigia. Mniwie radhi wakuu, sikuwa na uhakika. Sauti za watu zinafananaga. Na kama ni kweli, basi ile ni siri ya mtu mzima aliyeamua mwenyewe, siyo yangu kuitoa kwenye simu.

Nikasubiri mteja aondoke. Nikaingia saluni. Jofrey alikuwa anafuta kioo. Nikamuuliza kama anamjua Nyangeta wa Butiama.

Hakugeuka. Aliendelea kufuta kioo, pale pale, sehemu moja.

Halafu akauliza, "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Mama yako anakupigia simu.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Sijawahi kuona mtu mzima anabadilika rangi vile. Akaniuliza mama anampigiaje wakati kwao hakuna anayeijua namba yake. Nikamweleza. Nilipofika kwenye migomba akaziba uso kwa ile taulo ya kunyolea.

Alichonisimulia ni hiki. Siku ile walikuwa chini, yeye na mdogo wake na wenzao. Betri za tochi zikaisha. Kila mara mmoja anapandaga juu kuleta vitu, kwa zamu. Zamu ilikuwa ya Magesa. Yeye Wambura alikuwa amechoka na joto, anataka hewa, akamwambia mdogo wake kaa, naenda mimi.

Akapanda. Bado hajafika kwenye kibanda cha betri, akasikia nyuma yake ardhi inashuka.

Alichimba kwa mikono na wenzake mpaka kucha zikatoka. Aliposikia wanataja majina ya waliobaki chini, jina lake nalo likatajwa, na yeye amesimama nyuma ya watu, uso umejaa vumbi. Hakujibu. Akageuka akaondoka kwa miguu. Alisema angeenda nyumbani angesimama vipi mbele ya mama akiwa mzima, wakati zamu haikuwa yake. Bora wamlilie na yeye.

Akaenda Geita, akabadilisha jina, akajifunza kunyoa. Akaniambia Musoma alirudi kwa sababu alikuwa anataka tu kuwa karibu. Butiama hakuwahi kukanyaga.

Nikadhani sasa atasema twende. Badala yake akaniambia, "Itoe hiyo sauti leo."

Nilibishana naye. Nikamwambia mama yako anaumia. Akasema hajui kinachomuumiza mama yake zaidi, kumkosa au kumwona. Mwishoni nikakubali. Sauti ilikuwa yake. Nikaitoa, nikaweka ya kwangu, ile ya mafua.

Nikarudi ofisini nikiwa na hasira naye, na aibu pia, kwa sababu Nyangeta niliahidi kumpigia na sijui nimwambie nini. Sikumpigia.

Siku iliyofuata saluni ilifunguliwa kama kawaida lakini hatukusalimiana. Siku ya pili yake, jua halijawa kali, simu ya Mama Rhoda ikaingia. Anaongea chini chini kama mtu anayejificha.

Akasema kuna mama amekuja dukani na binti yake, wametoka Butiama alfajiri. Amekaa juu ya gunia la mashudu hataki kutoka. Anasema wamemtoa mtoto wake kwenye simu, wamweleze wamempeleka wapi. Mama Rhoda hajui chochote, anadhani ni mgonjwa, anauliza aite nani.

Nikamwambia usiite mtu. Mpe chai. Nakuja.

Nikaenda mlango wa pili. Jofrey nikamkuta amekaa tu, anajitazama kwenye kioo. Nikamwambia maneno machache: mama yako yuko Bunda, amekaa kwenye gunia, hatoki.

 Akavua aproni, akafunga mlango, tukaenda stendi.

 Tulipokaribia Bunda akaniuliza, "Mama akiniuliza Magesa yuko wapi, nitamjibu nini?"  

Tulipofika nikatangulia mimi. Mama mwenyewe ni mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, mikono ameiweka magotini. Nyangeta amesimama pembeni yake. Wateja wawili watatu wanajifanya wanasoma chupa za dawa.

Jofrey, sasa nimuite Wambura, akasimama mlangoni. Ndevu, kofia, kitambi kidogo. Nyangeta akashika mdomo. Mama akamwangalia, wala hakusimama. Akamwambia, "Sema."

"Mama, ni mimi."

"Sema ile ya simu."

Akaisema. Sauti ilikuwa inakatika, lakini akaisema yote.

Mama akanyanyuka, akamvua kofia, akamshika sikio la kushoto akalikunja, kama mtu anayetafuta kovu. Akalipata. Hakulia. Mama Rhoda ndiye aliyelia, na mimi sikuwa mbali.

Halafu mama akafanya kitu ambacho kwanza hatukukielewa. Akamwacha Wambura, akaangalia mlangoni. Akaangalia muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwingine aingie.

Akauliza, "Magesa yuko nje?"

 Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini Wambura aliogopa. Huyu mama alikuwa ameshazika wote. Tumemrudishia mmoja, na bila kujua tumemfukulia na wa pili. Kama Wambura yupo, kwa nini Magesa asiwepo?

Wambura akapiga magoti pale chini, kati ya magunia. Akamwambia Magesa hakutoka. Akamweleza yote, betri, zamu, hewa, hakuruka kitu. Mama anasikiliza tu.

Alipomaliza, mama akauliza kama Magesa alikuwa peke yake. Akajibiwa hapana, alikuwa na wenzake, walikuwa wanataniana, wakati yeye anapanda Magesa alimwambia asisahau kuleta na maji.

Mama akakaa tena kwenye gunia. Akasema, "Miaka yote hii nilikuwa najipa moyo kwamba angalau mko wawili."

Hapo Wambura alilia kilio ambacho sitaki kukisikia tena. Mama hakumnyamazisha. Alimwacha alie mpaka kilio kikaisha chenyewe, ndiyo akamwekea mkono kichwani, akasema twende nyumbani.

Nilienda nao. Baba mdogo wa Wambura alikuwa ameshapigiwa simu, tukamkuta njiani pa kuingilia na wazee wenzake, wakatuzuia. Walisema mtu aliyeshaliliwa haingii hivi hivi, mpaka kondoo achinjwe na maneno yasemwe. Wambura hakubisha. Akakaa nje ya uzio. Mama akaingia ndani, tukadhani anapumzika, kumbe amefuata kigoda. Akatoka nacho akakaa nje na mwanae mpaka kondoo akapatikana.

Baadaye wakamruhusu. Makaburi yako nyuma ya nyumba, yamesakafiwa, misalaba ya saruji, majina yameandikwa kwa kijiti saruji ikiwa mbichi. Nilimwona mtu anasoma jina lake mwenyewe kaburini. Akapewa sururu, akabomoa la kwake. La Magesa akalipangusa majani.

Nilidhani yameishia hapo. Kumbe.

Habari zilipoenea, watu wakaanza kuja. Siyo wa kuja kushangaa. Ni familia za wale wengine waliobaki kwenye lile duara. Wengine walitoka mbali. Kila mmoja ana swali moja: na wetu je? Labda na yeye alipanda. Labda na yeye yuko mahali ananyoa watu.

Wambura akawajibu mmoja mmoja. Nilikuwepo siku moja, akaja baba mzee na mkewe. Wambura aliwakalisha, akawaambia kijana wao alikuwa amekaa wapi, alikuwa amevaa nini, alikuwa anasema nini wakati yeye anaondoka. Hakuwapa matumaini hata kidogo. Mkewe alimshukuru. Yule baba alitoka bila kumpa mkono. Kuna waliomtukana pia, alisikiliza.

Sasa hivi yuko Musoma na saluni yake, Jumapili anaenda kwao. Jina karudia la kwake. Kijijini wapo ambao hawamsalimii mpaka leo. Mama yake analala.

Nilichojifunza mimi? Kwa wenzangu wa coding: nilikuwa naangalia log naona namba zinazosumbua. Nili-block mama wa watu mara mbili kabla ya kufikiria kumpigia. Siku hizi kabla sijafungia namba yoyote napiga kwanza, hata kama ni ya msumbufu kweli. Mara nyingi ni msumbufu kweli. Napiga tu.

Na kwa yeyote anayesoma hii akiwa mahali amejificha, kwao wanajua amekufa: sikulazimishi. Nimeona bei ya kurudi, siyo ndogo. Lakini nimeona pia kwamba kuna maswali ya watu wengi wewe ndiye umeyabeba, na wenyewe wanazeeka.

Swali langu kwenu, na naomba tujibishane kwa heshima maana wahusika watasoma: ningemwambia Nyangeta siku ile ile kwenye simu, au nilifanya sawa kuanza na Wambura? Mama wa watu alikaa karibu siku mbili anapiga anakuta sauti yangu. Mimi hilo bado linanisumbua.

Karibuni.